Ukungu wa Fiumicino

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Oktoba 1988, ndege ya Uganda Airlines, Boeing 707, ikitoka London kwenda Entebbe kupitia Roma, iliukuta uwanja wa Fiumicino umefunikwa na ukungu. Marubani walijaribu kutua mara mbili, wakapaa tena. Mara ya tatu ilianguka kabla ya kufikia njia ya kutulia. Kati ya watu 52, walifariki 33.

Ukungu pekee haukuiangusha. Kwa kawaida ndege inayotua kwenye ukungu huwekewa kimo cha mwisho. Rubani asiyeiona njia afikapo hapo, hana budi kupaa. Kwa hiyo mmoja hutazama nje, mwenzake hutaja kimo kwa sauti. Usiku ule kimo hakikutajwa ipasavyo, ndege ikazidi kushuka. Na kanuni hiyo walikwisha kuitii mara mbili!