Namba ile ile, Sakina hadi Njiro

Wadau, pita nyumba kwa nyumba hapa Arusha, kuanzia Sakina hadi Njiro, hata Tengeru kule chini ya Mlima Meru. Ruta nyingi zina anwani ile ile: 192.168.1.1, au jirani yake 192.168.0.1. Mbona hazigongani?

Jibu liko kwenye historia. Anwani za IPv4, mfumo wa mwaka 1981, ni kama bilioni 4.3 tu. Waliowahi walijipakulia: chuo kimoja cha Marekani, MIT, kilipata zaidi ya milioni 16. Wataalamu walipoona zitakwisha, Machi 1994 walitenga mafungu matatu ya anwani za matumizi ya ndani tu, na 192.168 ni mojawapo. Nyumba yoyote inaweza kuzitumia, kwa sababu haziendi nje. Ruta ndiyo inayozipokea simu na kompyuta zako zote na kuzitoa kwenye intaneti kwa anwani moja.

Sisi tulichelewa. AFRINIC, msajili wa anwani wa Afrika, alitambuliwa Aprili 2005. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Februari 2011 ghala kuu la dunia likakauka.

Kwa hiyo namba ya ruta yako si siri, kila mtu anaijua. Siri ni neno la kuingilia. Kama bado ni "admin" la kiwandani, mpangaji mwenzako uliyemgawia Wi-Fi anaweza kubadili mipangilio na kukupeleka kwenye ukurasa bandia wa benki. Libadilishe leo.