Jokofu ni mtoto wa kiwanda cha bia

Msikilizaji wetu mmoja wa Tunduma ametuandikia barua fupi. Ana jokofu kuukuu, rangi imembabuka na rafu za mlangoni zimevunjika, lakini bado linapoza. Anauliza kama ni kweli kwamba laweza kugeuzwa kuwa mtambo wa kumimina bia nyumbani, pipa likiwa ndani na koki ikichomoza mlangoni, kama alivyoona katika picha za Ulaya. Anaongeza kwamba mkewe amekwisha toa hukumu yake, na hukumu hiyo si nzuri.

Jibu ni kwamba yawezekana, nami nitamweleza kabla ya kumaliza. Lakini swali lake limegusa historia ambayo wengi wetu hatuijui. Sisi hudhani kwamba jokofu lilibuniwa kwa ajili ya nyama na maziwa, kisha walevi wakalivamia. Ukweli ni kinyume chake.

Hebu twende Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Huko, tangu mwaka 1553, amri ya mtawala ilikataza kupika bia wakati wa joto: ruhusa ilikuwa kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Aprili 23, basi. Sababu haikuwa dini wala kuwaonea walevi. Bia iliyopikwa kiangazi iliharibika. Hamira ya bia yao hufanya kazi vizuri kwenye ubaridi wa nyuzi 10 hivi au pungufu, halafu bia hiyo huwekwa ghalani kwa majuma kadhaa ili itulie. Neno "lager" unalolisoma kwenye chupa ya Safari linatokana na neno la Kijerumani la kuweka ghalani. Kwa hiyo wapika bia walichimba mahandaki, na kila majira ya baridi wakakata barafu ya maziwani na kuirundika humo. Mwaka ambao baridi haikuwa kali, barafu ilikosekana na hasara ikawakuta.

Ndipo akatokea Carl von Linde, mwalimu wa uhandisi mjini Munich, aliyeandika mnamo 1870 na 1871 juu ya namna ya kutengeneza ubaridi kwa mashine. Waliosoma maandishi yake kwa hamu kubwa hawakuwa wachinjaji wala waganga. Walikuwa wenye viwanda vya bia. Gabriel Sedlmayr wa kiwanda cha Spaten alimpa mahali pa kufanyia majaribio, na mashine ya kwanza ikajengwa 1873. Ilisumbua. Iliyofuata ilitumia amonia, na hiyo ikafanya kazi. Mwaka 1879 Linde akaacha ualimu na kuanzisha kampuni yake. Majokofu ya majumbani yalikuja kuenea karibu nusu karne baadaye, ya umeme kutoka Marekani, na yale ya mafuta ya taa kutokana na uvumbuzi wa 1922 wa vijana wawili wa Stockholm, von Platen na Munters. Hayo ya mafuta ya taa wazee wetu wanayakumbuka misheni na kwenye zahanati, yakitunza chanjo, na kwenye baa chache zenye uwezo.

Naomba msomaji aliangalie jambo hili kwa makini, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ubaridi ulibuniwa kwa ajili ya mpika pombe, ili pombe yake isiharibike. Mnywaji alifaidi baadaye. Kwetu mambo yalikwenda kichwa chini miguu juu.

Bia ya chupa ilitufikia kutoka viwandani. Kenya Breweries ilianza 1922, na Dar es Salaam ikapata kiwanda chake katika miaka ya 1930. Kwa Tunduma hiyo yote ilikuwa habari ya mbali, hadi Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia Novemba 1965. Zambia ilibanwa mafuta, na malori yakaanza kuyabeba kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi na tope ambayo madereva waliipachika jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA likafuata mwaka 1968, halafu lami, halafu reli ya TAZARA iliyokamilika 1975. Penye dereva anayesubiri karatasi zake pana baa, na Tunduma watu wamesubiri karatasi kwa miaka mingi. Hata baada ya Marais Magufuli na Lungu kufungua kituo cha pamoja cha forodha Oktoba 2019, foleni ya malori haikuwa hadithi ya kale.

Baa ilihitaji kreti na jokofu. Kreti zilikuwa na matatizo yake: serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa za kiwanda mwaka 1967, uhaba wa miaka ya 1980 ukafika, na mwaka 1993 nusu ikauzwa kwa kampuni ya Afrika Kusini. Mbeya ikapata kiwanda chake 2009. Jokofu nalo lilitaka umeme. Sumbawanga, mathalani, kwa miaka mingi iliwashiwa taa kwa umeme ulionunuliwa Zambia. Basi jokofu likakaa kaunta, kwa muuza chupa, likipoza kitu ambacho kimekwisha chujwa na kufungwa kiwandani na ambacho kingedumu miezi hata bila ubaridi. Ndiyo maana mhudumu wa baa yoyote ya Tanzania hukuuliza, "Baridi au ya moto?" Na Tunduma, ambako usiku wa Juni mtu hutembea na koti, wako wengi wanaojibu "ya moto" bila kuona haya.

Na mpika pombe? Huyo tunamjua, aghalabu ni mwanamke. Katika nchi ya Wanyiha na Wanyamwanga, na ng'ambo ya mpaka vilevile, ulezi ulikuwa pombe kabla ya kuwa kitu kingine. Kimpumu humiminiwa maji ya moto chunguni na kunyonywa kwa mrija, wazee wamekizunguka, zamu kwa zamu. Ukitaka kujua mtambo wa kwanza wa kumimina pombe katika mkoa wa Songwe, ni chungu kile na mrija wake, wala hakikuhitaji ubaridi hata kidogo. Komoni ya mahindi ni habari nyingine. Hiyo huuzwa kilabuni kwa kopo, na haisubiri mtu. Siku ya kwanza ni tamu, siku ya pili ndiyo yenyewe, na baada ya hapo inaanza kuwa siki. Hata Chibuku ya viwandani, iliyoanzia mikoa ya shaba ya Zambia katika miaka ya 1950, inaendelea kuchachuka ndani ya boksi lake na umri wake ni wa siku chache.

Mama anayepika pipa la komoni mwisho wa mwezi, mvua ikanyesha wateja wasije, anamwaga ada ya shule. Huyu ndiye mwenye shida ileile ya Sedlmayr wa Munich. Ubaridi haumsaidii mteja wake kuburudika tu, bali ungepunguza kasi ya kuchachuka na kumpa siku kadhaa za kuuza. Lakini jokofu lilipofika mtaani kwake lilipitiliza moja kwa moja hadi kwa jirani mwenye kreti.

Jirani zetu wa Kenya walijaribu njia ya kati. Mwaka 2004 East African Breweries walileta Senator, bia ya mapipa ya chuma inayomiminwa kwa koki, iliyopunguziwa kodi ili mwenye kipato cha chini aache pombe haramu. Watu wakaiita "Obama", maana naye wakati huo alikuwa seneta. Mwaka 2013 serikali ilipoondoa nusu ya nafuu hiyo, bei ikapanda na mauzo yakaporomoka. 2015 nafuu ikarudishwa. Katikati hapo, Mei 2014, makumi ya Wakenya walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu. Siwezi kusema jambo moja lilizaa jingine, ila wanaopanga kodi za vileo wangefaa kuzisoma tarehe hizo pamoja.

Sasa nimrudie msikilizaji wangu. Ndugu, pima kwanza. Pipa la lita 50 lina kimo cha zaidi ya nusu mita, na likijaa lina uzito unaopita kilo 60. Rafu za kioo hazitalibeba, hivyo zitoe na uweke ubao mgumu chini. Utahitaji mtungi mdogo wa gesi ya kaboni na saa yake ya kupimia presha, ambayo utaiweka karibu na bar 1 au chini kidogo. Presha ikizidi, utakunywa povu. Tundu la koki litoboe mlangoni. Usitoboe ubavuni wala mgongoni, kwa kuwa katika majokofu mengi mirija ya gesi ya kupozea imepita humo, na ukiigusa jokofu limekwisha. Majokofu ya zamani yana gesi inayoharibu anga, ile iliyowekewa mkataba Montreal mwaka 1987. Baadhi ya mapya yana gesi inayowaka moto. Mwite fundi friji aonyeshe mirija ilipo.

Kuhusu mkeo sina la kushauri. Lakini kama mtaani kwenu yuko mama apikaye komoni, muulize kama angekodi nafasi humo. Mwambie tu asikaze kifuniko cha ndoo: komoni hutoa gesi yake yenyewe hata ikiwa baridi, na ndoo iliyofungwa kabisa hupasuka.