Wati Kumi na Tano za Abti

Tarehe 26 Aprili 1985, pale Cambridge, Uingereza, kampuni ndogo ya Acorn ilipokea prosesa yake ya kwanza kutoka kiwandani. Iliitwa ARM1, na walioichora walikuwa wawili, Sophie Wilson na Steve Furber. Furber alipounganisha mita ili aone inakula umeme kiasi gani, mita ikasoma sufuri, na prosesa inapiga hesabu vizuri tu! Kumbe waya wake wa umeme haukuwa umeungwa. Kitu kilikuwa kinaishi kwa umeme kidogo unaovuja kutoka vifaa jirani. Hakuna aliyekuwa amelenga maajabu hayo. Walitaka tu isizidi wati moja, ndiyo waifunge kwa plastiki, ambayo ni rahisi kuliko kauri.

Sasa hiyo inahusu nini Tarbaj? Inahusu sana.

Tarbaj iko kaunti ya Wajir, kwenye barabara ya kwenda El Wak na Mandera. Mwaka 1965 serikali changa ya Kenya ilitoa Waraka Nambari 10, ule wa ujamaa wa Kiafrika (jina zuri, si ndiyo?), ukisema pesa za maendeleo ziende kwanza mahali zitakapozaa zaidi, penye mvua, udongo mzuri na barabara. Kaskazini kulikuwa na vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zilibaki huko mpaka 1991. Nyaya za stima ziliufuata ule waraka. Hata Garissa ilipozinduliwa mtambo wa sola wa zaidi ya megawati 50, Desemba 2019, umeme wake uliingia kwenye gridi ya taifa, na Wajir ilikuwa bado haijafikiwa na gridi hiyo. Kwa hivyo Nairobi mtu akinunua seva anauliza kasi. Huku swali la kwanza ni lingine, na abti wangu aliliuliza kabla hata sijamaliza salamu: "Abti, hii kitu inakula stima ngapi?" (Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, abti kwa abti.)

Abti anauza unga, sukari, mafuta na majani chai, na sehemu kubwa ya mali hutoka kwa mkopo. Deni la mfugaji halina tarehe, hulipwa mifugo ikinona na soko likifunguka. Halafu kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ikakosekana mfululizo, mpaka mwanzo wa 2023. Mbuzi wakafa, madeni yakabaki kwenye daftari. Madaftari yakawa manne, kurasa zimelegea, majina mengine yanafanana hadi jina la babu. Ukurasa mmoja ukipotea, familia mbili zinaweza kuacha kusalimiana. Ndiyo akataka yote yaingie kwenye mashine, na kaunta tatu za duka zisome kitu kimoja.

Vijana wa mjini mtasema aweke mtandaoni amalize. Lakini milingoti ya simu ya Wajir na Mandera imelipuliwa mara nyingi na al-Shabaab, na mlingoti ukianguka deni lako linakaa ng'ambo ya ukimya. Si jambo geni Kenya kuweka hesabu mbali: hadi 2015, seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Safaricom wangeweza kuvumilia umbali huo. Abti hawezi kuvumilia hata wa kutoka Tarbaj mpaka Nairobi.

Fundi mmoja mjini alimwonyesha seva ya mtumba, ex-UK, sanduku zito lenye feni zinazolia kama lori la mchanga. Bei ilikuwa tamu. Tukapiga hesabu. Betri moja ya volti 12, amp-saa 100, ina wati-saa 1,200. Betri za asidi hupendi kuzimaliza zaidi ya nusu, kwa hivyo una 600. Mashine ya wati 120 itakaa saa tano. Mashine ya wati 15 itakaa saa arobaini, yaani hata siku nzima ya mawingu inapita.

Mimi nilianza kwa kupenda Raspberry Pi, kale kadude ka dola 35 kalikotoka Februari 2012, mjukuu halali wa ile ARM ya Acorn. Lakini programu ya hesabu aliyoizoea abti inataka Windows ya kawaida, na kadi ndogo ya kumbukumbu haipendi stima kukatika ghafla. Tukachukua kompyuta ndogo yenye Intel N100 ya 2023. Ina kore nne, na prosesa yenyewe imepangiwa wati sita. Intel nao, baada ya miaka ya kukimbizana na kasi, walikuwa wameanza kuhesabu wati.

Haina feni, na hilo ni muhimu kuliko kore: joto hapa hupita nyuzi 35 kirahisi, na feni huvuta vumbi ndani. Diski ni SSD mbili zinazoandika kitu kile kile, hazina sahani ya kuzunguka. Nilitaka pia kumbukumbu inayojisahihisha makosa, N100 haina, tukaachana nayo.

Kila Alhamisi nakala hutiwa kwenye diski ya mfukoni, na binamu anapanda nayo gari la Wajir. Madaftari manne bado yako chini ya kaunta. Abti amekataa yachomwe.