Lijamu na Kinywa cha Farasi

Wasikilizaji wangu, mwezi wa Agosti mwaka 2021, katika michezo ya Olimpiki huko Tokyo, farasi mmoja aitwaye Saint Boy alikataa kuruka viunzi. Mpandaji wake, mwanamke wa Ujerumani aliyekuwa akiongoza mashindano, alimpata kwa kura, akapewa dakika 20 tu za kuzoeana naye. Alilia machozi juu ya matandiko huku akimpiga kwa fimbo na kumchoma mbavuni kwa vyuma vya visigino. Mkufunzi wake naye akampiga mnyama ngumi. Wakuu wa mchezo huo wakaamua kwamba baada ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 farasi wasiwemo tena.

Kwetu farasi ni wachache, maana mbung'o huwaletea ugonjwa wa kuwaua. Lakini asiyemjua farasi amjua punda, na fimbo ya punda aijua zaidi. Basi swali ni letu pia: chombo cha kumtiisha mnyama chamfundisha, au chamwumiza tu hata atii?

Hapo kale, katika karne ya nne kabla ya Kristo, Xenophon, askari wa Athene na mwanafunzi wa Socrates, aliandika kitabu juu ya kupanda farasi. Hakukataa vyombo, alishauri mtu awe na lijamu mbili, moja laini na moja ya kukwaruza. Lakini alikataza kumshika farasi kwa hasira. Tena alionya kwamba farasi aogopaye kitu, akipigwa, hudhani maumivu yatoka kwa kitu kile kile, akazidi kuogopa. Alimfananisha farasi alazimishwaye na mcheza ngoma achapwaye mjeledi: atacheza, lakini bila ufahamu wala uzuri. Mimi ni mwalimu, na neno hilo lilinigusa. Maana nimepata kuitikiwa “Ndiyo, mwalimu” na mtoto aliyeitazama fimbo yangu, hali hakufahamu lolote.

Elimu hiyo haikushikwa na wote. Mwaka 1550 Federico Grisone wa Naples alitoa kitabu ambamo farasi mkaidi aliadhibiwa kwa fimbo kichwani, kwa moto, hata kwa paka aliyefungwa kwenye ufito. Mfaransa Pluvinel, ingawa naye alisomea Naples, alirudia upole, na kwa upole huo akamfundisha Mfalme Louis XIII.

Lakini napenda kukaa zaidi Uingereza ya karne ya kumi na tisa, kwa kuwa huko ukatili ulivaa nguo za heshima. Matajiri walitaka farasi wa magari yao wainue vichwa juu, waonekane wenye fahari. Basi kigwe kilitoka kwenye lijamu, kikapanda kandokando ya kichwa, kikafungwa kwa ndoana kwenye matandiko ya mgongoni. Lijamu, kama mjuavyo, hukaa mahali pasipo meno, juu ya ulimi na ufizi mwembamba. Farasi akijaribu kuinama, chuma humkata. Na farasi avutaye mzigo mlimani hana budi kuinamisha kichwa, ausukume kwa uzito wa mwili wake wote. Akizuiwa, huvuta kwa miguu na mgongo tu, na pumzi humpata kwa shida. Sheria ya kuwaadhibu watesao farasi na ng'ombe ilikuwako tangu mwaka 1822, lakini kigwe hakina mlio kama mjeledi. Wapita njia waliona farasi mwenye shingo nzuri, wakasifu.

Aliyeliona jambo hili ni Anna Sewell. Aliumia vifundo vya miguu alipokuwa na miaka 14, na tangu hapo hakuweza kwenda mbali ila kwa gari la farasi. Hivyo alikaa miaka mingi nyuma ya wanyama hao, akiwatazama. Kati ya mwaka 1871 na 1877, akiwa mgonjwa, aliandika “Black Beauty”, kitabu ambacho farasi mwenyewe ndiye asimuliaye, na humo kigwe hicho kinaelezwa na yule kinayemwumiza.

Kitabu kilitoka mwaka 1877, naye akafa mwaka uliofuata. Yasimuliwa kwamba siku ya maziko mama yake alichungulia nje, akaona farasi waliokuja kuchukua maiti wamefungwa vigwe, vichwa juu. Akatoka, akaamuru wafunguliwe.