Mashini virtueli ikikosa rezo: kutafuta mahali kamba imekatika, mbele ya kufuta kazi

Katika mji wa Kalemie, kompyuta moja inaweza kufanya kazi ya mbili. Mwenye ofisi anawasha kompyuta yake, anaiunganisha na simu inayogawa mega, ukurasa unafunguka vizuri. Kiisha anafungua kompyuta ya pili iliyo ndani ya ile ya kwanza, ile yenye programu ya zamani ya hesabu, na hapo rezo haiko. Anazima, anawasha, anabadilisha mipangilio mitano kwa mara moja, hakuna kitu. Mwisho anachoka: anafuta yote na kuanza upya. Ni pale anapokumbuka kwamba hesabu za mwaka mzima zilikuwa ndani.

Mara nyingi kosa ni dogo, na kuko namna ya kulitafuta kwa utaratibu. Makala hii inaeleza namna hiyo kwa wanafunzi wa informatiki, mafundi na wenye ofisi ndogo.

Mashini virtueli ni kitu gani?

Ni kompyuta iliyotengenezwa na programu. Haina chuma chake. Inaazima kumbukumbu, disku na kadi ya rezo za kompyuta ya kweli. Ile ya kweli inaitwa mwenyeji, na ile ya ndani inaitwa mgeni.

Wazo hili ni la zamani. Kampuni ya IBM ya Marekani ililifanyia kazi tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatoa mfumo wa VM/370 kwa mashini zake kubwa. Kampuni ya VMware ilianzishwa mwaka 1998 na kulileta kwenye kompyuta za kawaida. VirtualBox, ambayo watu wengi wanaitumia kwa sababu hailipishwi, ilitoka mwaka 2007 kwa kampuni ya Innotek ya Ujerumani, na tangu 2010 iko mikononi mwa Oracle. Mifano ya hapa chini ni ya VirtualBox.

Faida yake inaonekana haraka pale ambapo feza ya kununua mashini ya pili haiko. Mwanafunzi anajifunza Linux bila kugusa Windows yake. Ofisi inaendelea kutumia programu ambayo Windows mpya inaikataa.

Mgeni anatokea mlango gani?

Mbele ya kutafuta kosa, sherti kujua mgeni amewekwa namna gani. Mfano wa lupango unasaidia.

Namna ya kwanza ni NAT, na ndiyo VirtualBox inayoichagua yenyewe. Mgeni anakaa ndani ya lupango la mwenyeji. Akitaka kitu cha inje, mwenyeji anamtumia. Watu wa inje wanajua namba ya lupango tu, hawajui kama ndani kuko mgeni. Kwa kufungua kurasa na kupokea barua, namna hii inatosha. Lakini kompyuta nyingine ya ofisi haiwezi kumfikia mgeni huyo mpaka mwenyeji apangiwe mlango wa kumpitisha.

Namna ya pili ni daraja, kwa menyu ya Kifaransa «Accès par pont». Hapa mgeni anapewa lupango lake mwenyewe barabarani: anaomba anwani kwa ruta kama vile simu au kompyuta nyingine yoyote. Ni nzuri kwa seva ambayo ofisi nzima inaitumia.

Namna ya tatu ni «Réseau privé hôte». Mgeni na mwenyeji wanazungumza wao wawili tu, na anwani kwa kawaida zinaanza na 192.168.56. Namna hii peke yake haina intaneti. Mtu aliyeichagua na kutafuta kosa siku mbili anatafuta kosa ambalo haliko.

Hatua tano, moja kwa moja

Kanuni ni moja: kuanza inje, kuingia ndani, na kubadilisha kitu kimoja tu kwa mara moja. Mtu akibadilisha vitatu pamoja, hata kama rezo inarudi, hatajua ni kipi kilichoiponya.

*Ya kwanza: mwenyeji.* Je, kompyuta ya kweli inafungua ukurasa mpya? Mega zimebaki? Kama mwenyeji hana intaneti, mgeni hawezi kuipata. Hapo kazi ni ya simu, ruta au kampuni ya rezo, na mashini virtueli iachwe kwanza.

*Ya pili: kadi na waya.* Katika mipangilio ya mgeni, sehemu ya «Réseau», kadi sherti iwe imewashwa, na kijisanduku «Câble branché» kiwe na alama. Kijisanduku hiki ni waya wa kufikirika. Kikiwa tupu, mgeni anaona kama mtu amechomoa waya nyuma ya mashini. Aina ya kadi pia ina maana. Windows XP haitambui kadi ya Intel PRO/1000 MT Desktop bila programu ya ziada, lakini inatambua ile ya T Server. Kubadilisha jina moja kwenye orodha kunaweza kumaliza tatizo.

*Ya tatu: anwani.* Ndani ya mgeni wa Windows, mtumiaji anafungua dirisha jeusi la amri na kuandika ipconfig. Kwa Linux anaandika ip addr. Chini ya NAT, jibu la kawaida ni 10.0.2.15. Likitokea jibu linaloanza na 169.254, maana yake mgeni aliomba anwani na hakuna aliyemjibu. Kama hakuna kadi hata moja kwenye orodha, kurudi hatua ya pili.

*Ya nne: kupiga hodi.* Amri ya ping inatuma ujumbe mfupi na kungoja jibu. Chini ya NAT, aanze na ping 10.0.2.2, ambayo ni mlango wa mwenyeji. Kiisha ping 8.8.8.8, ambayo ni mashini ya Google iliyo inje kabisa. Mlango ukijibu na inje isijibu, kamba imekatika kati ya mwenyeji na dunia, au kuna programu ya ulinzi inayozuia. Jaribio hilo la pili lifanywe kwa mwenyeji pia, maana rezo nyingine zinakataa ping hata kama intaneti inatembea.

*Ya tano: majina.* Kama 8.8.8.8 inajibu lakini kurasa hazifunguki, barabara iko wazi. Kinachokosekana ni kitabu cha majina, yaani DNS, kinachogeuza jina la ukurasa kuwa namba. Amri ya nslookup pamoja na jina la ukurasa inaonyesha. Dawa ni kuandika 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye nafasi ya DNS katika mipangilio ya rezo ya mgeni.

Daraja na simu haviendani kila mara

Wakaaji wengi wanapata intaneti kwa simu, si kwa waya wa ruta. Hapo daraja linasumbua. Kadi nyingi za waifai hazikubali anwani mbili kupita kwenye kadi moja, na simu inayogawa mega iko na kikomo cha vifaa inavyopokea. Kle ya intaneti nayo inaweza kushindwa kabisa, maana baadhi zinaungana na rezo kama simu inayopiga namba, si kama kadi ya kawaida. Kwenye mahali pa kulipia waifai kwa kuponi, mgeni wa daraja anaweza kuhesabiwa kama kifaa cha pili na kudaiwa kuponi yake. Katika hali hizi zote, kurudi kwenye NAT ndilo jaribio la kwanza.

Kuko pia kosa la kunakili. Mwanafunzi anayenakili mashini moja kuwa mbili anaweza kubaki na kadi mbili zenye anwani moja ya MAC. Chini ya daraja zitagombana: moja inaingia, nyingine inatoka. Wakati wa kunakili, sherti kuchagua anwani mpya za MAC.

Umeme ukikatika

Kompyuta ikizimika ghafla, mgeni naye anaanguka. Na kama alikuwa amelazwa usingizi badala ya kuzimwa, anaamka akishika anwani ya jana wakati rezo ya leo ni nyingine. Kumzima kabisa na kumwasha upya kunamfanya aombe anwani mpya.

Saa nayo inadanganya. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa inarudi miaka nyuma kila umeme unapokatika, na mgeni anachukua saa kwa mwenyeji. Kurasa salama zinakataa kufunguka, kwa sababu kwa tarehe hiyo vyeti vyake havijaanza kutumika. Mtu anafikiri rezo imekufa, kumbe ni tarehe. Majira ya kuchagua ni ya Lubumbashi, yaliyo saa moja mbele ya Kinshasa.

Rezo ikirudi, mega ziangaliwe

Kuna hasara inayokuja baada ya kupona. Mgeni haoni simu, anaona waya. Kwa hiyo Windows 10 au 11 iliyo ndani inafikiri iko kwenye intaneti isiyo na mwisho na inaanza kupakua mabadiliko yake kimyakimya. Mega za juma zinaweza kuisha kwa saa chache. Ndani ya mgeni, rezo iwekwe kuwa yenye kikomo, hata kama mwenyeji tayari amewekwa hivyo.

Na si kila mgeni anayestahili intaneti. Microsoft iliacha kuilinda Windows XP tarehe 8 Aprili 2014. Kama mashini ya XP inafanya hesabu tu, afadhali ibaki bila intaneti, na faili zipite kwenye kabrasha la pamoja kati yake na mwenyeji.

Mbele ya kufuta

Rezo mbaya haiharibu disku ya mgeni. Hesabu, barua na kazi za shule zinabaki mle ndani, hata kama hakuna ukurasa unaofunguka. Kwa hiyo kufuta si dawa ya rezo. Kama fundi ameamua kuanza upya, kwanza amzime mgeni kabisa, amhamishe kwenye faili ya .ova, na kuiweka kwenye disku ya inje. Wakati wa kuondoa mashini, VirtualBox inauliza swali: kuitoa kwenye orodha tu, au kufuta faili zote. Jibu la kwanza linaacha disku mahali pake. Jibu la pili linaondoa kazi yote, na kwa ofisi isiyo na nakala, hesabu za mwaka zinaenda nayo.