Mazoezi, si makopo, hurejesha nguvu za misuli uzeeni

MZEE anaposhindwa kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, aghalabu jamaa zake husema kwamba huo ndio uzee na hakuna la kufanywa. Wengine, kwa kumwonea huruma, humnunulia kopo la unga wa protini au chupa ya tembe za vitamini wakitaraji kwamba nguvu zitamrudia.

Fikra zote mbili zina kasoro. Misuli haipotezi uwezo wake wa kujengeka, hata mtu akiwa na umri wa miaka 90. Hata hivyo, kinachoijenga kwanza ni kazi inayopewa, wala si tembe au unga.

Suala hili si dogo. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kenya ilikuwa na takriban watu milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kwa mzee, misuli ya miguu ndiyo humwezesha kwenda msalani mwenyewe pasipo kushikwa mkono. Misuli hiyo ikidhoofika, huanguka kwa urahisi. Akianguka, huenda akavunjika nyonga, na wengi waliovunjika nyonga hawarudii hali yao ya awali.

Kwa nini misuli hupungua

Kuanzia umri wa miaka 30 hivi, mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila baada ya miaka kumi. Kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 60, na nguvu hupotea upesi kuliko nyama yenyewe.

Mnamo 1988, mtaalamu wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, alipendekeza hali hii iitwe sakopenia, jina litokanalo na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ‘umaskini wa nyama’. Mwaka wa 2016, Marekani iliiingiza katika orodha yake rasmi ya maradhi, ikawa si jambo la kupuuzwa tena kama mvi.

Sababu zake ni kadha. Kwanza, baadhi ya neva zinazopeleka amri kutoka uti wa mgongo hadi kwenye misuli hufa, na nyuzi za misuli zilizokuwa zikizitegemea hunyauka. Nyuzi zinazoathirika zaidi ni zile za kasi, ambazo humsaidia mtu kujishika anapojikwaa.

Pili, misuli ya mzee huwa mizito kuitikia chakula. Kiasi cha protini kinachotosha kuchochea ujenzi wa misuli ya kijana huenda kisitoshe kwa babu yake.

Tatu ni kukaa bure. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee 12 wenye afya njema waliombwa kulala kitandani kwa siku 10 tu. Walipoteza takriban kilo moja ya nyama ya miguuni. Kwa hivyo, mzee aliyelazwa hospitalini kwa juma moja au mawili hurudi nyumbani akiwa na deni la misuli, hata kama ugonjwa wenyewe umepona.

Majaribio ya Boston

Ushahidi kwamba hali hii inaweza kugeuzwa ulitoka katika makao ya wazee mjini Boston, Marekani. Mnamo 1990, Dkt Maria Fiatarone na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha wazee 10 dhaifu, wenye wastani wa umri wa miaka 90. Kwa majuma manane, wazee hao walifanya mazoezi ya kuinua uzani mzito kwa miguu.

Tisa walikamilisha. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili kati yao waliacha kutumia mikongojo.

Swali lililobaki lilikuwa la chakula: je, vinywaji vya lishe vingetosha? Mwaka wa 1994 watafiti hao walitoa matokeo ya jaribio kubwa zaidi lenye wazee 100, wenye wastani wa umri wa miaka 87. Waligawanywa katika makundi manne. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi, la pili likapewa kinywaji cha lishe chenye kalori 360 kwa siku, la tatu likapata vyote viwili, na la nne halikupata chochote kati ya hivyo.

Baada ya majuma 10, nguvu za waliofanya mazoezi zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 113. Za wale ambao hawakufanya mazoezi ziliongezeka kwa asilimia 3 pekee. Kinywaji chenyewe hakikuleta nafuu yoyote ya maana katika nguvu wala mwendo.

Jambo jingine lilijitokeza. Jumla ya chakula kilichoingia mwilini iliongezeka tu kwa wale waliokunywa kinywaji hicho na kufanya mazoezi kwa pamoja. Lishe ni matofali, mazoezi ni fundi. Matofali yakirundikwa uani pasipo fundi, nyumba haijengeki.

Virutubisho vya ziada vinasaidia?

Protini ndiyo yenye hoja nzito zaidi. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzani wa mwili kwa siku. Jopo la wataalamu wa kimataifa lilipendekeza mwaka 2013 kwamba waliozidi miaka 65 wale kati ya gramu 1 na 1.2. Mzee wa kilo 60 basi anahitaji gramu 60 hadi 72 kwa siku.

Kiasi hicho hakilazimu kopo. Yai moja lina takriban gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa gramu 15. Omena, ndengu, kuku na njugu pia ni hazina. Tatizo la wazee wengi ni kushinda kwa chai na mkate, kisha kungoja mlo mmoja wa jioni. Ni bora protini igawanywe asubuhi, mchana na jioni. Unga wa protini unamfaa zaidi yule asiye na meno, asiye na hamu ya kula au anayeinuka kutoka ugonjwani.

Kreatini, ambayo hupatikana pia katika nyama na samaki, imeonyesha manufaa. Uchambuzi wa majaribio 22 uliochapishwa mwaka 2017 ulibaini kwamba wazee walioitumia pamoja na mazoezi ya uzani waliongeza takriban kilo 1.4 zaidi za mwili usio mafuta kuliko waliofanya mazoezi peke yake. Zingatia neno ‘pamoja’.

Vitamini D ni muhimu kwa aliyepungukiwa nayo. Lakini katika jaribio la Marekani lililohusisha zaidi ya watu 25,000, ambalo matokeo yake yalitolewa 2022, tembe hizo hazikupunguza visa vya kuvunjika mifupa miongoni mwa watu wa kawaida.

Vitamini C na E kwa dozi kubwa huenda hata zikadhuru. Watafiti wa Norway waliripoti mwaka 2016 kwamba wanaume wazee waliozitumia wakati wa mazoezi ya nguvu walijenga mwili kidogo kuliko wenzao. Nayo homoni ya DHEA, inayouzwa katika nchi nyingine kama kinga ya uzee, ilijaribiwa kwa miaka miwili na matokeo yake kuchapishwa 2006. Haikuongeza nguvu.

Kuanza nyumbani

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa juma, na ya kujisawazisha angalau siku tatu. Kutembea kwenda sokoni au kanisani ni kwema kwa moyo, ila hakutoshi kwa misuli.

Si lazima mtu awe na vyuma. Anaweza kuinuka na kuketi kitini mara nane hadi kumi bila kutumia mikono, kusukuma ukuta, kupanda na kushuka kidato, kusimama kwa ncha za vidole akishikilia meza, au kuinua mitungi midogo ya maji. Zoezi likiwa rahisi, uzani uongezwe kidogo; misuli isiyosumbuliwa haina sababu ya kukua. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenye shinikizo la damu asizuie pumzi anapoinua kitu. Mwenye maradhi ya moyo, figo au kisukari amwone daktari kwanza, kwa kuwa protini nyingi na kreatini hazifai kila figo. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni ishara ya kuacha mara moja.

Mazoezi pia hayana likizo ndefu. Wazee wa Boston walipoacha kwa majuma manne tu, walipoteza karibu thuluthi moja ya nguvu zao. Familia yenye pesa za kununua kopo moja la unga ingefaa kwanza itafute kiti imara, mtu wa kusimama kando ya mzee, na dakika ishirini mara mbili kwa juma. Kopo, likihitajika, lije baadaye.