Udhibiti wa gridi ya umeme (Iringa na Mbeya)

Udhibiti wa gridi ni kazi ya kusawazisha umeme unaozalishwa na unaotumika, sekunde kwa sekunde, ili masafa yabaki karibu na hezi 50. Nyanda za Juu Kusini hutegemea laini ndefu ya kilovolti 220 kutoka Kidatu kupitia Iringa na Mufindi hadi Mbeya. Usiku wa manane, matumizi yakiwa madogo, volti hupanda mwishoni mwa laini ya aina hiyo. Jioni watu wakiwasha majiko na taa, hushuka. Hurekebishwa kwa riakta, kapasita na tepu za transfoma.

Kidhibiti cha kawaida hupangiwa viwango na mhandisi na kubaki navyo. Kidhibiti kinachojirekebisha hupima jinsi gridi inavyoitikia, kisha hubadilisha viwango vyake chenyewe. Tanzania inakihitaji kwa sababu gridi yake si ile ya zamani. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235; mmoja tu ukizimika ghafla, kinachopotea kinazidi uwezo wote wa kituo cha umeme cha Kidatu, megawati 204. Masafa huporomoka, gavana za turbini hufungua maji zaidi, na zisipowahi, relei hukata wateja. Hata hivyo, hakuna kidhibiti kinachoweza kujaza bwawa la Mtera wakati wa ukame.

Mradi wa TAZA, wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, unalenga kuiunganisha gridi hii na Zambia, na kupitia huko, Kusini mwa Afrika.